Bwawa la Rufiji lina deni kwa walioko chini ya mto

Mhariri, mmetuuliza wiki hii kama faida za mabwawa makubwa zinazidi madhara yake kwa mazingira. Nalijibu swali hilo kwa kulitazama Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, ambalo limekwisha kujengwa, hivyo tunachoweza kukiamua sasa ni namna ya kuliendesha.

Faida yake haina ubishi. Mitambo 9, kila mmoja wa megawati 235, inaweza kuzalisha megawati 2,115, na mtambo wa kwanza ulipowashwa Februari 2024 nchi ilikuwa katika mgao wa umeme uliowaumiza wenye mashine za kusaga, mafundi wa kuchomelea na wauza samaki wenye majokofu. Anayelilaumu bwawa na aikumbuke miezi ile.

Kuhusu madhara, mjadala umejikita zaidi kwenye msitu uliozama ndani ya Selous, pori lililoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1982. Hasara hiyo ni kubwa, lakini naamini itakayodumu zaidi iko bondeni, upande wa chini wa ukuta wa bwawa, kuelekea baharini. Warufiji wamelima mlau kwa vizazi vingi: mafuriko yanapopungua hupanda mahindi kwenye udongo uliorutubishwa upya, wenye unyevu wa kulikomaza zao bila mvua. Mafuriko hayohayo huuunganisha mto na maziwa madogo ya bondeni, samaki wakaingia humo na kuzaliana. Yakifika delta, maji matamu na tope huilisha mikoko wanamokulia kambamiti wachanga, na huizuia chumvi isipande hadi kwenye mashamba ya mpunga. Sasa sehemu kubwa ya tope hilo inatuama nyuma ya ukuta wa mita 131. Misri imeyaona matokeo yake, kwani tangu Bwawa Kuu la Aswan likamilike mwaka 1970, bahari imeendelea kuila pwani ya delta ya Nile na wakulima wametegemea zaidi mbolea za viwandani.

Siombi maafa kama ya Aprili 2024, yaliyozamisha mashamba na makazi ya Rufiji na Kibiti. Naomba mafuriko ya wastani, yanayofunguliwa kwa makusudi katika msimu wake. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatambua kwamba mto wenyewe unastahili kubakiziwa maji ya kuhifadhi uhai wake. Aidha, kwenye bwawa la umeme la Mto Kihansi tumewahi kuacha maji yapite kwa ajili ya chura mdogo wa hapo, aliyeishi kwa manyunyu ya maporomoko. Hatukufanikiwa kumnusuru porini, lakini kanuni ilikubaliwa. Mkulima wa mlau na mvuvi wa delta hawapaswi kupewa pungufu ya hapo.

Kwa hiyo ratiba ya kufungulia maji itangazwe vijijini kabla ya msimu, na wanakijiji wawe na wajumbe katika kikao kinachoipanga. Tope, hata hivyo, halipitishwi kirahisi kama maji. Ndiyo maana upimaji wa mikoko na wa ufuo, kuanzia delta hadi Mafia, unapaswa kufanywa kila mwaka na matokeo yake yawekwe wazi, kuanzia sasa ambapo bwawa lingali jipya na mabadiliko yanaweza kuonekana mapema.