Kwa binti yangu anayetaka kwenda Unguja na homa

Ngamiani, Tanga

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Ujumbe wako nimeupata baada ya Alasiri, nakujibu kwa maandishi maana kwenye simu ungenikatiza. Unasema homa imefika siku ya tatu, kichwa kizito, maungo yote yanauma, na keshokutwa una mkutano wa wafanyabiashara wa viungo huko Unguja. Unauliza ujikaze uende, au ukae? Na mimi mwaka ule nilipokwenda nikiumwa niliwezaje?

Mama, usipande ndege kabla hujajua unaumwa nini. Kapime leo, usingoje kesho. Si wewe uliyenisimulia kwamba juzi juzi ulilala Amani, kule Muheza, kwa wakulima wa hiliki bila chandarua? Malaria huweza kukaa mwilini siku saba, pengine hata mwezi, ndipo homa ianze. Kile kipimo cha haraka ni tone la damu kidoleni, na kwa dakika 15 au 20 majibu yako tayari. Ila kama ulikunywa dawa mseto mwezi uliopita, mwambie anayekupima, kwa sababu kipimo hicho huweza kuendelea kuonyesha malaria wiki kadhaa baada ya vimelea kwisha. Hapo omba damu ikaangaliwe kwa hadubini.

Na hizo diklofenaki ulizo nazo kwenye mkoba ziache humo humo. Pwani yetu ina dengi pia, na mwaka 2019 ilizunguka Dar mpaka hapa Tanga. Inaanza hivyo hivyo, homa na maungo. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini huongeza hatari ya kutoka damu kwa mwenye dengi, kwa hiyo shusha homa kwa parasetamoli peke yake mpaka ijulikane unaumwa nini. Wakikuambia ni dengi, safari ife, hata usinipigie kubishana. Ugonjwa ule hatari yake huja pale homa inaposhuka na mtu anajiona kapona. Tumbo likikaza, ukitapika sana au ukiona damu kwenye fizi, mahali pako ni hospitali, si hotelini.

Ikiwa ni malaria ya kawaida, unameza vidonge vinne vya dawa mseto, baada ya saa 8 vinne tena, kisha vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku mbili, vitimie 24. Meza na chakula chenye mafuta, maziwa au samaki wa nazi, dawa ifanye kazi vizuri. Ukitapika ndani ya nusu saa, rudia hiyo dozi. Siku ya pili utajisikia mwepesi, na ndipo watu wengi hufunga pakiti wakaiweka kabatini eti ya akiba. Wewe maliza.

Sasa huo mkutano wenyewe. Umeniambia ni wa siku mbili. Siku ya kwanza naijua: mgeni rasmi anachelewa, hotuba, picha ya pamoja, chakula. Huna unachokosa. Daktari akikuruhusu, nenda siku ya pili tu, uwaone wale wanunuzi wawili unaowataka, urudi. Na upande kindege kutoka hapa hapa Tanga. Habari ya kukaa kwenye basi kilomita 350 mpaka Dar, halafu boti, haifai kwa mtu aliye kwenye dozi.

Mimi mwaka ule nilikuwa nimeshapimwa na kuanza dawa kabla sijaondoka. Ukumbi ulikuwa na kiyoyozi kikali mpaka nikavaa koti mchana kweupe, nikakaa kiti cha nyuma karibu na mlango ili nikitaka kutoka nisisumbue mtu. Mzee mmoja wa karafuu kutoka Pemba akaniona natoka jasho na huku natetemeka. Akanitoa barazani, akaagiza chai ya tangawizi. Huko ndiko tulikofanya biashara. Alichukua karafuu yangu ya Muheza, akaikandamiza kwa ukucha mpaka mafuta yakachungulia, akanusa, akanyamaza, ndipo akauliza bei. Hotuba za ndani sikumbuki hata moja.

Wewe ukifika fanya vivyo hivyo, tafuta baraza. Waambie watu mapema, "Natoka kuumwa, mniwie radhi sitashikana mikono." Watu wa kule ni waungwana, hawatanuna. Kama una mafua na kikohozi, vaa barakoa. Homa ikirudi ukiwa huko, nenda kituo cha afya na useme wazi kwamba umetoka Muheza. Unguja wameipunguza malaria mpaka chini ya asilimia moja, na wengi wanaokutwa nayo ni waliosafiri bara, kwa hiyo hilo neno moja litawasaidia wakuhudumie haraka.

Na ukishindwa kwenda, sampuli zinaweza kwenda bila wewe. Pilipili manga, mdalasini na hiliki kila kimoja kifuko chake, ukiandika shamba na mwezi wa kuvunwa. Mpe yule mwenzako wa Muheza anayekwenda, nawe uwatumie hao wanunuzi ujumbe mfupi leo hii, kabla hawajakutafuta ukumbini wakakukosa. Pilipili ianike tena kidogo kabla ya kufunga, ile uliyomletea mama yako juzi ilikuwa bado na unyevu.

Majibu ya kipimo nitumie kabla ya Magharibi. Kama hakuna wa kukusindikiza kituoni, sema, nipande daladala nije.

Baba yako