Ndoo imejaa plastiki, mizani inasema maganda

SWALI: Ndoo yangu ya taka ikijaa naona chupa na mifuko ya plastiki tu. Mbona husemwa kuwa taka nyingi ni mabaki ya chakula?

JIBU: Wewe unahesabu kwa macho, wanaosema hivyo wanahesabu kwa mizani. Chupa tupu ya maji ya lita 1.5 haifiki gramu 50. Ijaze maganda mabichi yaliyokatwakatwa, uzito unapanda zaidi ya mara kumi, na nafasi ni ileile. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2018 ilikadiria kuwa, kwa uzito, chakula na majani ni asilimia 44 ya taka za miji duniani, karatasi na maboksi 17, plastiki 12, kioo 5, chuma 4. Katika nchi za kipato cha chini chakula na majani hufika 57, kwani vyakula vingi hununuliwa vibichi na kumenywa nyumbani.

Kama unataka takwimu zako mwenyewe, pima siku 7 mfululizo. Siku moja ya wageni au ya kusafisha kabati inaharibu hesabu yote. Vaa glavu, mwaga taka juu ya turubai, tenga mafungu, pima kila jioni. Usingoje kesho: maganda mengi ni maji matupu, yakikauka fungu lake linapungua na plastiki inaonekana imeongezeka bila kuongezeka. Mwaga kwanza maji yaliyobaki kwenye chupa, la sivyo unayahesabu kama plastiki. Nepi za kutupa zipe fungu lake, majivu na vumbi la ufagio vilevile. Pakiti za maziwa zenye tabaka za karatasi, plastiki na alumini usizitie kwenye karatasi.

SWALI: Karatasi zangu natupa safi, lakini mnunuzi wa chakavu anazikataa. Kwa nini?

JIBU: Zinachafukia ndani ya ndoo. Mchuzi ukishapenya, mafuta hayatoki kirahisi karatasi inapopondwa majini, na hutia madoa karatasi mpya. Ziwekee chombo kikavu tangu mwanzo. Boksi lenye doa la mafuta, kata kipande hicho, kilichobaki kinauzika. Tishu hazifai hata zikiwa safi; nyuzi zake ni fupi mno.