Wenzangu wa chama hawanisikii

SWALI: Salamu, Mwalimu. Ninauza samaki soko la Kibuye, Kisumu. Nataka chama chetu kinunue friza ya pamoja, lakini kila nikiongea, hata nikilia, wanapuuza. Nifanyeje?

JIBU: Salamu, dada. Aristotle, Mgiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, alitaja njia tatu za kushawishi: ethosi, msemaji aaminike; pathosi, hisia za wasikilizaji; na logosi, hoja yenyewe. Wewe umeshika hisia peke yake.

Katika chama chetu hapa Nakuru, mama muuza mboga aliwahi kusimama na daftari lililolowa maji, akasoma siku baada ya siku: sukuma zilizonyauka, bei aliyonunulia, hasara. Hakupaza sauti. Tulinyamaza kimya. Tena tulimwamini kwa kuwa hakuwahi kuchelewesha mchango hata mara moja, na imani hiyo haipatikani siku ya mkutano.

Kwa hiyo, wiki mbili hizi andika kila ngege aliyekuharibikia na bei yake. Ukiwa na deni la chama, lilipe kwanza. Machozi weka mwisho, tena kidogo tu: waulize ni nani kati yao hajawahi kumwaga samaki jioni na karo inadaiwa.