Tuskegee: Moton Field ilikuwa hatua ya kwanza tu
Ukiambiwa kwamba marubani weusi wa jeshi la Marekani wa Vita vya Pili vya Dunia, waliofunzwa Tuskegee, Alabama, walihitimu kwenye uwanja wa ndege wa Moton Field: hapana ndugu, hawakuhitimu hapo. Pale walipata mafunzo ya awali tu. Uwanja wenyewe ulikuwa wa nyasi, mali ya chuo cha Tuskegee. Aliyefaulu alihamia Tuskegee Army Air Field, uwanja wa jeshi ulio jirani, akaanza na ndege ya mafunzo ya BT-13, kisha AT-6 ya mafunzo ya juu, na huko ndiko alikovishwa mabawa, yaani beji ya rubani. Darasa la kwanza lilianza na watu 13 mwaka 1941. Machi 1942 wakahitimu watano, akiwemo Benjamin O. Davis Jr., baadaye jenerali wa jeshi la anga la Marekani.

Mchujo mkali ulianzia huko Moton, kwenye Stearman, ndege ya mabawa mawili ya nguvu-farasi 220. Magurudumu yake ya mbele yamekaribiana na kitovu cha uzito wa ndege kiko nyuma ya magurudumu hayo, kwa hiyo ukichelewa kukanyaga pedali ya usukani baada ya kutua, mkia unazunguka na bawa linakwaruza ardhi.

Na ile safari ya angani ya Eleanor Roosevelt, mke wa rais wa Marekani, aliporushwa na rubani mweusi wa Tuskegee Machi 1941, ilianzia Kennedy Field, uwanja mwingine wa ndege wa hapo Tuskegee. Moton ilikuwa bado haijakamilika.