Anza na uongo wake

"Mwanangu, polisi niliwadanganya. Lakini kuua sijaua."

Ndivyo alivyonipokea mteja wangu wa kwanza wa kesi ya mauaji, mahabusu, kabla hata sijafungua faili. Alikuwa amenizidi umri kwa miaka 20 hivi. Kisiwa alikotoka sitakitaja, maana ni kidogo kiasi kwamba nikitaja gati lake tu watu watajuana. Mpangaji wake, mwanamume wa makamo, alikutwa amekufa kwenye mwamba maji yalipokupwa, ana jeraha kichwani. Mama aliwaambia polisi kwamba siku ile hakuingia chumbani kwa marehemu. Kumbe aliingia, akachukua fedha zilizokuwa chini ya godoro, kwa kuwa alikuwa anamdai kodi ya miezi mitatu.

Nikamwambia, "Hilo tusiliguse, mama. Upande wa mashtaka hawalijui."

Walilijua. Mwendesha mashtaka alilihifadhi mpaka mama alipokuwa kizimbani na mimi nimeshamaliza kumwongoza kutoa ushahidi. Sikumfundisha kusema uongo, ila nilimwacha apande kule bila kujua atajibu nini akiulizwa. Alipoulizwa akababaika, akakana tena, safari hii akiwa chini ya kiapo. Kisha akaonyeshwa shahidi aliyemwona akitoka na bahasha. Jaji aliweka kalamu chini, akamtazama kwa muda. Kuanzia pale hata jina lake angelitamka lingeonekana la kughushi. Akatiwa hatiani.

Nawaandikia mawakili vijana waliokabidhiwa faili la namna hii. Ushahidi wa kuua mara nyingi utaukuta mwembamba, hasa kisiwani. Kinachommaliza mshtakiwa ni yale aliyofanya na kusema baada ya kifo: alikimbia, alificha kitu, alidanganya.

Wakati nasubiri rufaa ndipo niliposoma habari za kesi ya Palmyra, na niliona aibu nikiwa peke yangu mezani. Palmyra ni kisiwa cha matumbawe katika Pasifiki, kiasi cha kilomita 1,600 kusini mwa Hawaii, himaya ya Marekani isiyo na wakazi wa kudumu. Katikati ya 1974 walifika huko watu wawili wawili. Malcolm Graham na mkewe Eleanor walikuwa na boti nzuri ya matanga, Sea Wind, yenye shehena ya chakula. Buck Walker, mtoro wa kesi ya dawa za kulevya, alifika na mpenzi wake katika Iola, boti iliyokuwa inavuja, na chakula chao kikawa kinakwisha. Mwishoni mwa Agosti Malcolm na Eleanor wakatoweka. Oktoba, Walker na mpenzi wake wakaonekana Honolulu wakiwa na Sea Wind, imepakwa rangi nyingine.

Wote wawili walitiwa hatiani kwa wizi wa boti ile. Mambo yakatulia hadi 1981, mifupa ya Eleanor ilipoonekana ufukweni karibu na sanduku la alumini. Ya mumewe haikupatikana. Walker alitiwa hatiani kwa mauaji mwaka 1985, na mwaka uliofuata zamu ikawa ya yule mwanamke, San Francisco.

Hebu jiweke mahali pa wakili wake. Mteja wako amesafiri katika boti ya marehemu, amekula chakula chao, na amewasimulia watu mambo yasiyo ya kweli. Mpenzi wake tayari ni muuaji kwa hukumu ya mahakama, na kisiwani hapakuwa na umati wa kutupiwa lawama. Vincent Bugliosi, ambaye zamani akiwa mwendesha mashtaka Los Angeles ndiye aliyemtia hatiani Charles Manson, kiongozi wa kundi la wauaji, alimtetea pamoja na Leonard Weinglass. Wizi haukuwa wa kubishaniwa. Hoja yao ilikuwa kwamba mama huyu aliiba na alidanganya, na kwamba kila uongo ulikuwa na sababu nyingine kando ya mauaji: aliishi na mtoro, na walikuwa na boti isiyo yao. Kuhusu kifo, yeye aliamini kwamba wenye boti walipata ajali ya kiboti chao kidogo. Wananchi waliokaa kuamua wakamwachia huru.

Bugliosi alikuwa na desturi ya kuandika hotuba yake ya kufunga kesi kwanza, kisha kurudi nyuma kupanga maswali. Nami nafanya hivyo sasa, na aya ya kwanza ninayoandika ni ya uongo wa mteja. Ninaukusanya wote, siku ya kwanza, kwa karatasi. Kila uongo nauwekea tarehe, aliyeambiwa, na alichokuwa anakiogopa mteja saa ile. Asipoweza kunieleza alichoogopa, namwuliza tena wiki inayofuata. Kisha mimi ndiye ninayeutoa mahakamani, mapema, kwa sauti ya kawaida. Uongo uliotolewa na wakili wake mwenyewe unapoa. Ukitolewa na mwendesha mashtaka, unaunguza.

Nenda kisiwani. Najua fedha za kesi hizi hazitoshi hata nauli, lakini nenda, na usiende siku unayopenda wewe. Nenda mwezi ukiwa kama ulivyokuwa usiku wa tukio. Katika kesi yangu nyingine, miaka baadaye, shahidi aliapa kwamba alimwona mshtakiwa akivuka fungu la mchanga saa tisa usiku, na kwamba alimtambua kwa sababu mwezi ulikuwa mpevu. Nilikuwa nimeshasimama pale pale, mwezi mpevu, saa ile ile. Mwezi mpevu ni bamvua, yaani maji hujaa kupita kawaida, na pale bamvua hujaa kwenye saa kumi. Fungu lote lilikuwa chini ya maji. Mbaamwezi aliyohitaji ili amtambue ndiyo iliyoleta maji yaliyomkanusha. Mvuvi yeyote wa kisiwa kile angeweza kuiambia mahakama hivyo, ila hakuna aliyemwita.

Msikilize pia kwa makini yeyote anayesema "hapakuwa na mtu mwingine." Ni hoja tamu kisiwani, kwa kuwa inaonekana kama hesabu. Mwulize nani aliwahesabu, boti zipi zilitia nanga usiku ule, nani anaandika daftari la gati na kama kweli huandika usiku. Na muda wa kifo usiumeze mzima mzima. Joto huharibu mwili haraka, na mara nyingi daktari anauona baada ya siku kadhaa za kungoja usafiri. Mwulize kipindi anachokadiria kina urefu gani, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi.

Kuna jambo moja linanikera mpaka leo. Mwanamume akikaa kizimbani kimya, watu husema amejizatiti. Mwanamke akikaa kimya, hana huruma. Akilia, anaigiza. Akiwa alikuwa na mpenzi, basi kesi nusu imekwisha. Usimfundishe mteja wako namna ya kulia, utaharibu. Mwandae kwa maswali ya dodoso tu, yale ya upande wa pili, umwulize mwenyewe kwa ukali kuliko atakavyoulizwa, mpaka akuchukie kidogo. Na ukiona bado ana jambo analizungukazunguka, usimpandishe kizimbani.

Mama wa kesi ile ya kwanza alitoka kwa rufaa baada ya miaka miwili, kwa sababu utambuzi wa shahidi mmoja wa usiku ulionekana dhaifu. Hoja ile si mimi niliyeiibua. Aliiona wakili mwenzangu niliyemwomba anisaidie. Siku ya kutoka nilimsubiri nje ya gereza na gari la kuazima. Aliingia, akafunga mlango, tukaenda mwendo mrefu bila neno. Nikajikaza nikamwomba radhi.

"Lakini mwanangu," akasema, huku anatazama dirishani, "si nilikuambia siku ya kwanza?"