Hernandezi, Ernandes au Ernandeth?

SWALI: Mimi ni mtangazaji wa michezo katika redio moja ya mkoani Tanga. Hapa studioni tunabishana kuhusu jina Hernández. Mwenzangu mmoja husema "Hernandezi", mwingine "Ernandes", na wa tatu anashikilia kuwa ni "Ernandeth". Nani yuko sahihi? Je, jina hili lina undugu na Fernández? Lina maana gani, na mbona wenye jina hili wamejaa kila timu?

JIBU: Tumtoe kwanza mwenzako wa "Hernandezi". Wawili waliobaki wote wako sahihi, inategemea tu anayetajwa ametoka wapi.

Ni kweli kwamba Kiswahili hupenda kulimalizia neno la kigeni kwa irabu: benki, soksi, boksi. Kwa vitu hakuna ubaya. Lakini jina la mtu ni mali ya mwenyewe, na hapa irabu hiyo ya nyongeza inaharibu na mkazo. Sisi hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo ukisema Her-nan-de-zi unajikuta umekaza -de-. Mhispania hukaza -nan-, na ndiyo kazi ya kile kijistari juu ya herufi a. Kanuni yao ni kwamba neno linaloishia kwa konsonanti isiyokuwa n wala s hukazwa silabi ya mwisho; likikiuka hapo, linawekewa alama. Sasa liache jina na silabi zake tatu, Er-nan-des, uone: ulimi wa Mswahili unakaza palepale anapokaza Mhispania, bila kufundishwa na mtu.

Herufi h haitamkwi kabisa. Inaandikwa, inaachwa. Hapo ndipo tunapofika kwenye undugu unaouuliza, kwa sababu h hiyo zamani ilikuwa f. Kihispania cha Kastilia, eneo la katikati ya Hispania, kiliichosha f ya Kilatini mwanzoni mwa maneno mengi, ikawa pumzi tu, kisha ikatoweka masikioni na kubaki kwenye maandishi. Farina, yaani unga, ikawa harina. Filius, mwana, akawa hijo. Ferrum, chuma, kikawa hierro. Fernando naye akapata pacha aitwaye Hernando, ambaye kwa mkato ni Hernán. Yule Hernán Cortés aliyeuangusha Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki huko Meksiko, mwaka 1521 anaonekana kwenye hati za wakati wake kama Hernando na pia kama Fernando. Ni mtu yuleyule.

Kwa hiyo Fernández na Hernández ni jina moja lililopita njia mbili. Na kuna la tatu, Fernandes, lenye s mwishoni na lisilo na alama: hilo ni la Kireno. Ukimtaja Bruno Fernandes wa Ureno, Enzo Fernández wa Argentina na Xavi Hernández wa Hispania katika taarifa moja, umelitaja jina lilelile mara tatu. Fernandes ndilo tunalolifahamu zaidi huku kwetu, kupitia kwa Wagoa wa Mombasa, Nairobi, Zanzibar na Dar es Salaam, ambao kwao Goa palitawaliwa na Wareno tangu 1510 hadi 1961. Kwa hiyo usiwabadilishie s kuwa z.

Maana sasa. Kiishio -ez kinafanya kazi ya "bin": Hernández ni mwana wa Hernando, Rodríguez wa Rodrigo, Sánchez wa Sancho, Martínez wa Martín. Fernando lenyewe si la Kilatini wala la Kiarabu. Lililetwa na Wavisigothi, watu wa jamii ya Kijerumani walioitawala Hispania kabla ya Waislamu kuingia mwaka 711. Limeundwa kwa vipande viwili. Cha pili kinakubaliwa na wengi kuwa ni ujasiri. Cha kwanza kina ubishi, wengine wakisema ni amani na wengine safari. Mimi naelemea kwenye amani, kwa kuwa umbo la kale Fredenandus linaonekana kwenye hati za Kilatini za huko, na fred- hiyo ndiyo ile iliyomo katika Frederick. Wakatoliki wetu wanaobatizwa Ferdinandi wamebeba jina hilohilo, na somo wao ni mfalme Fernando wa Tatu wa Kastilia, aliyeiteka Córdoba mwaka 1236 na Sevilla mwaka 1248 na kutangazwa mtakatifu mwaka 1671.

Ila usimwambie msikilizaji kwamba baba yake Xavi anaitwa Hernando. Zamani -ez ilibadilika kila kizazi kama bin yetu, baadaye ikaganda ikawa jina la ukoo. Jambo hili tumeliona hapa jirani. Daniel arap Moi aliitwa hivyo kwa kuwa baba yake alikuwa Kimoi, na "arap" kwa Wakalenjin ni mwana wa. Kimoi mwenyewe alikuwa arap Chebii. Kwa Daniel mnyororo ukasimama: wanawe wakabaki kina Moi, na wajukuu vilevile.

Tukirudi kwenye z. Katika sehemu kubwa ya Hispania, hiyo ni th ya thamani na thelathini. Visiwa vya Kanari, sehemu kubwa za Andalusia na Amerika yote inayosema Kihispania hutamka s. Basi Xavi na Rodri, mshindi wa Ballon d'Or (tuzo ya mwanasoka bora wa dunia) ya 2024, ni Ernandeth. Javier Hernández wa Meksiko, aliyeichezea Manchester United, ni Ernandes. (Huyu wa mwisho alizoeleka kwa jina la Chicharito, yaani kinjegere, kwa sababu baba yake, naye mwanasoka, aliitwa Njegere.) Msikilizaji wa bara anayesema "selasini" atakuwa ametamka Kimeksiko safi. Ndugu wawili Lucas na Theo, wachezaji wa Ufaransa, huandikwa Hernandez bila alama kwa Kifaransa, na Wafaransa hutamka z kama ya kwetu. Kama huna muda wa kuchunguza asili ya kila mchezaji, tumia Ernandes, hakuna atakayekulaumu.

Kuhusu wingi wao: Hispania inaongozwa na García, na Hernández halimo hata katika kumi bora. Ni Meksiko ndiko linakoshika nafasi ya kwanza. Baada ya 1521 wenyeji walibatizwa kwa makundi na wakapewa majina ya Kihispania, na majina ya -ez yalikuwa ya kawaida mno kiasi kwamba mtu aliweza kuwa Hernández bila kuwa na babu hata mmoja aliyeitwa Hernando. Wahamiaji wakalipeleka Marekani: katika sensa ya 2010 lilikuwa la 11 kati ya majina yote ya ukoo nchini humo, likiwa na watu zaidi ya 1,000,000. Ufilipino nako, wakati huo koloni la Hispania, gavana Narciso Clavería alitoa amri mwaka 1849 kwamba watu wachukue majina ya ukoo kutoka katika orodha ya serikali.

Hukuuliza hili, lakini magazeti yetu hulikosea kila wiki. Mhispania ana majina mawili ya ukoo, la baba kwanza, la mama mwisho. Rodri ni Rodrigo Hernández Cascante. Ukiandika "Cascante afunga bao" umemwita kwa jina la mama yake peke yake. Wareno hugeuza: la mama hutangulia, la baba hufunga, ndiyo maana Bruno Miguel Borges Fernandes ni Fernandes. Wakiwa wengi uwanjani sema "akina Hernández". Hao "Mahernández" niliowasikia juzi hewani sijui ni watu wa wapi.

Kanuni ya jina la baba nayo ina wakaidi wake. Nahodha wa zamani wa Real Madrid, Fernando Hierro, kwenye hati ni Fernando Ruiz Hierro. Ruiz ni la baba, lakini ulimwengu ulimjua kwa la mama, kwa hiyo mwite Hierro. Ukitaka mfano wa kuwamalizia ubishi studioni, mtumie yeye: jina lake la kwanza limehifadhi f ya kale, la mwisho limeipoteza. Litamke "Yerro", r ikitetema.