Muulize Sista: Mimba ya miezi saba na sindano ya homa ya mafua

SWALI: Sista habari ya kazi. Mimi nakaa Githurai na kila asubuhi napanda matatu kuingia tao, nina mimba ya miezi saba, ya kwanza. Sai ni Julai na hii baridi kila mtu kwa gari anakohoa na madirisha yote yamefungwa. Juzi kliniki nesi akaniambia kuna sindano ya homa ya mafua ya wajawazito nikaona ni sawa, lakini kufika nyumbani mama mkwe akakataa kabisa, ati inatoa mimba, na ati jirani yake alidungwa kesho yake akalala na homa. Bwanangu naye anasema homa ni homa tu, dawa ni tangawizi na ndimu. Sasa nifuate nani? - Mama wa kwanza, Githurai

JIBU: Asante mama kwa kuandika kabla ya kuamua. Mimi nakuambia dungwa, na nitakueleza kwa nini ndio hata wewe uweze kumweleza mama mkwe.

Kwanza tutenganishe hizi homa. Ile ya kupiga chafya siku mbili tatu na kamasi, tangawizi itakusaidia kujiskia vizuri, sina neno. Influenza, yaani homa ya mafua yenyewe inayozuiwa na hii sindano, ni nyingine, inakushika ghafla, joto linapanda, mwili wote unauma mpaka kuamka kitandani ni kazi, na kwa mja mzito inaweza kushuka kwa mapafu haraka juu mimba ikishakuwa kubwa inasukuma mapafu juu, moyo unafanya kazi zaidi, na kinga ya mwili pia inabadilika. Mwaka wa 2009 ile influenza ya H1N1, waliyoiita homa ya nguruwe, ilipozunguka dunia, kule Marekani wajawazito walikuwa kama asilimia 1 ya watu wote lakini kati ya waliokufa walikuwa karibu asilimia 5. Hiyo si homa ya kungojea ipite.

Sasa mtoto, na hapa ndipo mimi huwa nakazia sana. Mtoto hachanjwi homa ya mafua mpaka afikishe miezi sita, hakuna dozi yake kabla ya hapo, na hiyo miezi ya mwanzo ndiyo anaweza kuugua vibaya zaidi. Njia iliyobaki ni wewe. Ukidungwa mwili wako unatengeneza kinga baada ya wiki mbili hivi, na hiyo kinga inapita kwa kondo la nyuma inamfikia akiwa bado tumboni, anazaliwa nayo. Hii walipima kule Soweto, Afrika Kusini, wanawake zaidi ya 2,000, majibu yakatoka 2014: waliodungwa walipata influenza karibu nusu ya wale ambao hawakudungwa, na watoto wao hivyo hivyo. Kinga ya mtoto ina nguvu sana miezi miwili ya kwanza halafu inashuka, kwa hivyo usiambiwe ni ya milele. Kuna utafiti wa Nepal watoto walizaliwa wazito kidogo, kama gramu 42, lakini Soweto hawakuona hiyo tofauti, kwa hivyo mimi siwezi kukuahidi.

Kutoa mimba? Hapana. Virusi vilivyo ndani vimeuawa, haviwezi kukupa homa ya mafua, na Marekani wamekuwa wakipendekeza wajawazito wadungwe tangu miaka ya 1960. Mwezi wowote wa mimba inaruhusiwa. Mkono utauma, pengine kichwa na joto kidogo siku moja au mbili, hapo meza paracetamol, usimeze zile za kiosk zenye aspirini. Huyo jirani inawezekana ni hilo joto la sindano, ama alikuwa tayari ameshaambukizwa kabla hizo wiki mbili ziishe. Wa kuambia daktari kwanza ni yule aliwahi kudungwa chanjo hii mwili ukakataa vibaya, akavimba uso au akakosa pumzi. Na ile ya kupuliziwa puani si ya mja mzito, hiyo virusi vyake viko hai.

Hii si kama ya pepopunda unayopewa bure kliniki, mara nyingi utaipata hospitali ya kibinafsi na utalipa, kwa hivyo piga simu uulize bei na kama iko. Ukifika angalia inatolewa kwa friji, omba uone boksi na tarehe yake, ni kasindano kadogo kamejaa tayari, nusu mililita, kanadungwa juu ya mkono. Hakikisha wameandika kwa kitabu chako cha kliniki. Na mama mkwe usibishane naye jikoni, mwambie kwa heshima akusindikize, amuulize nesi maswali yake yote mwenyewe. Anaogopea mjukuu tu.

SWALI: Mimi nilijifungua bila hiyo sindano, mtoto ana miezi mitatu na dada wa kazi anakohoa. Nifanye nini? - Mama Baby, Kayole

JIBU: Wewe unaweza kudungwa hata unanyonyesha, na baba pia, na huyo dada akipona. Kwa sasa asimbebe mtoto, ama avae maski na anawe mikono kila mara. Hata homa ikikushika wewe usiache kunyonyesha, maziwa hayapitishi influenza, na yana kinga. Akifikisha miezi sita mpeleke, mara ya kwanza anapewa dozi mbili, kati yake wiki nne. Lakini akikataa titi, ama mbavu zinaingia ndani akipumua, ama umehesabu pumzi akiwa ametulia zikafika 50 au zaidi kwa dakika moja, mpeleke hospitali hiyo saa hiyo, hata kama ni usiku wa manane.